Chumba cha Dada

Katika ofisi ile ya kuchora nyumba, kila mtu alikuwa na chombo chake. Msanifu, mwenye ofisi, alikuwa na simu mbili na kiti cha kuzunguka. Mchoraji wake, dada mmoja mwenye mimba kubwa ambaye wote walimwita Mama Kijacho, alikuwa na kompyuta yenye skrini pana kama mlango wa kabati. Bi Mkunjo alikuwa na mikono yake tu.

Lakini mikono gani, nyie! Ramani yenye ukubwa wa shuka la kitanda aliikunja mara tano, sita, ikakaa mfukoni mwa shati, na kile kisanduku chenye jina la mradi kikabaki juu, kinakutazama usoni. Siku moja upepo uliinyakua ramani ya ghorofa saba dirishani. Bi Mkunjo akaidaka hewani, na ilipotua mezani ilikuwa imeshakunjwa. Anayebisha akaulize upepo.

Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na tisa: kuchapisha, kukata kingo, kukunja, kupeleka. Kusoma ramani hakujua. Vile vipande vya duara vinavyochorwa kuonyesha milango aliviona kama vipande vya chungwa, akadhani ni mapambo. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na mitano, mama yao alipofariki na kumwachia mdogo wake wa miaka mitatu, kitindamimba, ndiyo maana akaitwa Kitinda mpaka leo ana kitambi na gari. Bi Mkunjo alimbeba mgongoni mtoto yule hadi majirani wapya wakadhani ana kibiongo. Wachumba walikuja wawili. Wa kwanza alisema mtoto apelekwe kwa ndugu, akaonyeshwa njia. Wa pili alisema vilevile, ila kwa sauti ya chini. Naye akaonyeshwa njia, ila kwa sauti ya juu.

Nyumba ya wazazi ilikuwa na vyumba viwili na paa lenye matundu mengi, mvua ikinyesha mtu ukitaka kukauka utoke nje. Hati ilikuwa na majina yao wote wawili, dada na mdogo wake. Kitinda alipopata kazi nzuri akapanga kwake na mkewe. Kisha siku moja akaja na wazo: ile nyumba ya zamani ivunjwe, ijengwe mpya, kubwa, na waishi wote.

"Ila dada, kibali cha ujenzi kinasumbua majina yakiwa mawili," alisema. "Tubakize moja. Karatasi tu hiyo."

Bi Mkunjo ndiye aliyembembeleza Msanifu aipokee kazi hiyo, na ramani ya kwanza ilipotoka aliikunja kwa mkono wake, tena kwa mapenzi, asione kilichomo ndani. Jumamosi Kitinda akaja nayo, akaikunjua juu ya kitanda. Alikuja na picha pia, ile inayotengenezwa na kompyuta: nyumba nyeupe, anga la buluu, mawingu ya sikukuu, na mtu amesimama uani anacheka, asiyejulikana na yeyote.

"Soma hapo, dada. Soma mwenyewe."

Bi Mkunjo akafuata herufi kwa kidole. CHUMBA CHA DADA.

Alilia mpaka kanga ikalowa. Tangu azaliwe hakuwahi kuona chumba kilichoandikwa jina lake. Wiki iliyofuata, mbele ya mjomba wao, alitia saini, na hati ikabaki na jina moja, la Kitinda.

Sasa, huko ofisini, mimba ya Mama Kijacho ilikuwa imefika mahali ambapo mkono haufiki mezani. Msanifu akahangaika. Mafundi wake wa ujenzi walikuwa wazuri, lakini ukiwapa ramani bapa wanaigeuza juu chini kama mtu anayetafuta mfuko wa suruali gizani. Walichokipenda ni ule mchoro wa mistari unaoonyesha nyumba imekaa kwa pembe, paa limeondolewa, vyumba vyote unavichungulia kutoka juu. Mama Kijacho ndiye aliyekuwa akiitoa michoro hiyo kwenye modeli ya kompyuta. Nani angemshikia kazi?

"Nifundishe mimi," Bi Mkunjo akasema, na ramani mkononi.

Msanifu akacheka. Mama Kijacho hakucheka. "Anayejua karatasi itakunjika wapi," alisema, "ameshajua nusu ya kazi."

Wakaanza Jumatatu.

"Huu unaitwa mchoro wa isometriki."

"Huyo Iso wa Metriki ni nani, mwanangu? Ndiye mwenye nyumba?"

Mama Kijacho akacheka mpaka mtoto tumboni akapiga teke. Akamwonyesha. Kuta zinasimama wima. Mistari ya chini, ya upana na ya urefu, inapanda kulia na kushoto nyuzi thelathini.

"Nyuzi thelathini! Mimi kwenye pochi nina uzi mmoja, tena mweusi, wa vifungo."

"Nyuzi za pembe, Bi Mkunjo. Siyo za kushonea."

"Ungesema mapema. Nilishaanza kutafuta sindano."

Wiki ya kwanza aligombana na kipanya. Akikisukuma kulia nyumba inapinduka, akikivuta inakimbia mpaka inakuwa ndogo kama punje ya mchele. Mara moja aliipoteza zahanati nzima. Wakaitafuta kutwa, kumbe ameitupa upande wa pili wa skrini, iko nyuma ya mgongo wa dunia. Lakini alikuwa na subira ya mtu aliyelea kitindamimba. Akajifunza kulikata paa kwa sanduku la kukatia lililo ndani ya programu: unalishusha taratibu mpaka linafika juu kidogo ya vitasa vya milango, na nyumba inafunguka kama sufuria iliyofunuliwa. Akajifunza kuzima rangi na vivuli, ibaki mistari mitupu. Mstari wa nje mnene, wa ndani mwembamba. Kisha kuokota makombo, vile vijistari vinavyobaki vimelaliana kwenye kona. Huko hakuna aliyemfikia, maana jicho lake lilikuwa limezoea kutafuta mawe kwenye mchele.

Kilichompa shida kuelewa ni kwa nini wanazima ule mwono wa kawaida.

"Kwani picha ya kawaida ina ubaya gani? Ile ya mdogo wangu inapendeza."

"Inapendeza kwa sababu inafuata jicho," Mama Kijacho alisema, akijipepea na bahasha. "Jicho lina upendeleo. Kilicho karibu linakikuza, kilicho nyuma linakidogosha, na ukuta mmoja ukisimama mbele umeficha mengi. Hapa mita moja ya nyuma ni sawa na mita moja ya mbele. Unaweka rula, unapima. Na usiridhike na pembe moja. Nyumba ina pembe nne. Zunguka zote."

Alichora kibanda cha mlinzi. Akachora mnara wa tangi la maji. Akachora vyoo vya zahanati ile iliyopotea, fundi mkuu akavitazama akasema, "Huyu mchoraji mpya nani? Hapa hata kipofu atajenga." Bi Mkunjo alikaa siku mbili bila kula, kwa kushiba maneno hayo.

Mama Kijacho akaenda kujifungua. Msanifu akaweka orodha ya kazi mezani, na Bi Mkunjo akaomba aanze na ya mdogo wake. Alitaka kumpelekea Kitinda zawadi: nyumba yao, imechorwa na dada yake.

Akaifungua modeli. Akalikata paa. Akaitazama kwanza kutoka pembe ya mbele, ile ile ya kwenye picha: sebule, meza ya kulia yenye viti vinane, vyumba vya watoto, chumba cha wenye nyumba chenye bafu lake. Nyuma kabisa, ukuta wa jiko ulisimama, na nyuma ya ukuta huo likaonekana neno "DADA" tu, mengine yamemezwa.

Akazunguka. Pembe ya pili. Ya tatu.

Chumba kilikuwepo. Upana mita mbili na robo, urefu mita mbili na nusu. Akalipandisha kidogo sanduku la kukatia: kidirisha juu, karibu na dari, kama cha stoo. Kitanda kimoja chembamba, na kando yake meza ya kupigia pasi. Bi Mkunjo akatafuta mlango kwenye ukuta wa korido. Akapita ukuta wote na kipanya, kutoka jikoni mpaka bafuni, kama mtu anayepapasa swichi. Hakuna. Mlango ulikuwa upande mwingine, umefungukia uani, mbele ya karo la kufulia.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Karo lilikuwa palepale.

"Bosi," akamwita Msanifu, "hapa tumesahau mlango."

"Wapi?"

"Chumbani kwangu. Ukiwa koridoni huingii. Labda nipite kama moshi."

Msanifu akaja, akainama. "Hakuna kilichosahauliwa. Hicho ni chumba cha dada. Vyumba vya dada mlango unawekwa nje, siku zote."

"Siku zote tangu lini? Dada si ndiye mimi?"

"Siyo wewe, mama. Dada. Dada wa kazi."

Neno likakaa katikati yao. Msanifu mwenyewe akalisikia. Akaenda kuchukua daftari lake, akapekua, akasoma kwa sauti inayopungua: "Mteja anasema, chumba cha dada, mlango uani, ili alfajiri akiingia jikoni asipite ndani kuwaamsha watu." Akalifunga. "Nilijua ni mdogo wako. Lakini nilidhani wewe una kwako."

"Na mimi nilidhani hivyo," Bi Mkunjo akasema.

Alichora mchoro ule ukakamilika, akauchapisha, na Jumapili mchana akaupeleka kwa Kitinda. Walikuwa wanakula. Wifi yake akamsogezea kiti, "Karibu wifi, mbona jasho hivyo?" Bi Mkunjo akasukuma sahani kando, akaukunjua mchoro.

"Umechora wewe?" Kitinda akapiga makofi. "Dada! Wewe si wa kukunja tena, wewe injinia! Mke wangu, njoo uone mikono ya dada yangu!"

"Acha kunivika kilemba cha ukoka. Nionyeshe ninaingilia wapi."

Kitinda akatazama. Kidole chake kikaenda moja kwa moja nyuma, uani, bila kutafuta. Hapo ndipo Bi Mkunjo alipojua kuwa hakukuwa na makosa ya mtu.

"Mlango ni mlango, dada. Si unaingia tu?"

"Hata kuku anaingia."

"Lakini wifi," mkewe akaingilia kwa sauti ya asali, "pale utakuwa na uhuru wako. Hakuna wa kukusumbua."

"Nimeuona uhuru wenyewe. Umewekewa na meza ya pasi." Akamgeukia mdogo wake. "Niambie kwa kinywa chako. Siku ile uliponikunjulia ramani kitandani, ukaniambia soma mwenyewe, aliyeandikwa pale ni dada yupi?"

Kitinda akakuna shingo. "Kwani si ni wewe yule yule? Umenilea mimi, utawalea na hawa. Nimwamini nani mwingine? Niokote mtu baki?"

"Kwa hiyo ni wote wawili."

"Ni wewe, dada."

Alilisema kwa upole wa kweli kabisa, na upole huo ndio uliomkata. Angekuwa na hila usoni, Bi Mkunjo angemzaba kofi kama zamani alipoiba sukari. Lakini mwanamume yule, wa kitambi na gari, hakuona kuwa kuna tofauti ya kueleza.

Akausogeza mchoro karibu na sahani ya Kitinda. Kisha akasema, "Sikiliza. Kupika nitapika, kufua nitafua. Nimepika na kufua kabla hujaota meno ya pili. Sikatai kazi. Nataka mlango mmoja, utoke koridoni. Nikiumwa usiku nifike kwenu kwa miguu yangu, nisiizunguke nyumba na mvua kama mwizi. Mlango mmoja."

"Mlango tu?" Kitinda akacheka huku akishusha pumzi. "Weka! Si wewe ndiye mwenye kipanya?"

Wifi akamtazama mumewe.

Bi Mkunjo alirudi kwake miguu haigusi chini. Jirani aliyemfuata nyuma anasema alihesabu nyayo tatu tu mtaa mzima. Jumatatu Msanifu akampigia Kitinda simu, Kitinda akasema ndiyo, na mlango ukawekwa: upana sentimita themanini, unafungukia ndani. Bi Mkunjo aliuzungusha ule mchoro pembe zote nne, asubuhi na jioni, kuutazama tu.

Alhamisi Msanifu akampa karatasi ya masahihisho ya mteja, kama anavyopewa karatasi zote, akaondoka huku anaongea na simu. Masahihisho kumi na moja. Bi Mkunjo akaanza na kidole. La kwanza, rangi ya vigae. La nne, dirisha la sebule liongezwe. La saba: "Mlango mpya wa chumba cha dada uondolewe, ukuta huo tunaweka kabati la vyombo. Nilikubali ili kumtuliza tu."

Akalisoma mara ya pili, kwani kidole kilikuwa kimeteleza. Halikubadilika.

Kumbe alikuwa anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa yenyewe ameishika yeye. Mchana alikwenda kwa mjomba. Mjomba akamsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza kama ametumia chai, kisha akasema, "Mwanangu, ulitia saini mwenyewe. Nami nilikuwepo."

Akarudi kwenye kiti chake. Alifanya la kwanza, la pili, la tatu, kwa mpangilio, hakuruka. Alipofika la saba akaugusa mlango kwa kipanya, ukawaka buluu kuonyesha umechaguliwa, akabonyeza kufuta. Programu ile ina tabia moja: ukiufuta mlango, huna haja ya kujenga ukuta. Ukuta unajiziba wenyewe papo hapo, laini, hauachi hata kovu. Bi Mkunjo alikaa akipatazama mahali mlango ulipokuwa, akitafuta kombo la kuokota. Hapakuwa na kombo.

Kisha akachora mchoro wa mwisho kwa ajili ya fundi, na akaufanya vizuri kuliko yote aliyowahi kufanya. Pembe aliyochagua ni ya nyuma.

Siku ya kukabidhi eneo, walisimama uani kwa wazazi wao. Paa lilikuwa limeshashushwa. Fundi mkuu akautandaza mchoro juu ya pipa, akaweka mawe kwenye kona, na uso ukamng'aa.

"Hii ndiyo ramani! Tazama, hata karo lipo." Kidole chake kinene kikatua mbele kabisa. "Na hapa dada wa kazi. Mmejitahidi, bosi, wengine wanawalaza jikoni. Mmeshampata?"

Kitinda akatazama viatu vyake.

"Bado," Bi Mkunjo akajibu. "Aliyekuwepo alidhani yeye ni ndugu."

Fundi akacheka, akaona hakuna anayecheka naye, akakohoa.

"Dada," Kitinda akanong'ona, amemshika kiwiko, "siyo mbele za watu. Chumba ni chako, nani amekufukuza? Nitaongea na mke wangu. Huo mlango tutautoboa baadaye."

"Mbele za watu mimi ni mchoraji." Akatoa kiwiko chake taratibu, kama anayetoa nguo kwenye msumari. "Na baadaye sijaichora. Dada wa chumba hiki huajiriwa, Kitinda. Mtafute, mlipe, mpe na siku ya kupumzika. Mimi sikuajiriwa kwako, nilizaliwa." Akamgeukia fundi. "Vipimo vyote ni vya ndani. Ukiwa na swali, uliza ofisini."

Akachukua sanduku lake moja na sufuria zake mbili, akaenda kupanga chumba kwa mjane mmoja mshona mapazia. Nyumba ikapanda. Watu waliopita waliisifu, ilifanana sana na picha, ila yule mtu wa kucheka uani hakutokea. Mama Kijacho alijifungua mapacha, akarudi, na Msanifu akanunua kompyuta ya pili. Ramani sasa zinakunjwa na mtu mwingine, vibaya. Bi Mkunjo akiziona anafumba macho.

Hasira yake haikuwa ya kelele. Alipika kidogo, alilala kidogo, akakonda mpaka kivuli chake kikawa kinamwomba ale. Kuna asubuhi alizojikuta amenunua mkate mkubwa, wa watu wawili, kwa mazoea ya miaka ile ya kumlea Kitinda, akasimama nao dukani asijue aurudishe au la.

Halafu Kitinda akaja ofisini. Fundi alikuwa amekwama kwenye ngazi za mbele, mchoro mmoja urekebishwe. Msanifu hakuwepo. Mama Kijacho alikuwa amekwenda kunyonyesha. Chumbani alikuwa Bi Mkunjo peke yake, mgongo mlangoni, anaokota makombo kwenye kona ya darasa la shule.

"Dada."

Kipanya kikaendelea.

"Dada, ni mimi."

Akafuta kijistari kimoja. Akafuta na cha pili.

"Dada, jamani."

Alisimama pale na ramani yake, imekunjwa ovyo, kisanduku cha jina kimeangukia ndani. Alijaribu kufikiri jina jingine la kumwita, na tangu aanze kusema hakuwa amewahi kuhitaji jingine. Hatimaye akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

"Bi Mkunjo?"

Kiti kikageuka.

"Naam, bwana. Karibu. Nikusaidie nini?"